Mapigo Arobaini na Nane

3 Februari

Kwa Msahihishaji wa Nne,

Shikamoo Mwalimu.

Naomba radhi kama si kawaida kutia barua kwenye bahasha ya zoezi. Karatasi ya maelekezo inasema "maelezo mafupi ya mwanafunzi, kama yapo." Maelezo ninayo. Ufupi ndio siuahidi. Mume wangu husema nikisimama kumsalimia mtu, kilichoko jikoni kinaungua.

Mimi ni namba 214. Chuo kimesema tusitaje majina, ili msahihishaji asimpendelee mtu wala kumchukia, basi sitataja hata la paka. Ni muuguzi msaidizi, nipo chumba cha kufunga vidonda, kwenye zahanati. Nina miaka ishirini na saba na watoto wawili. Shule niliishia njiani. Kozi ya usaidizi niliisoma nikiwa na mimba ya kwanza, na sasa nasoma shahada kwa masafa nikiwa na wa pili mgongoni. Nikipata wa tatu atatoka na cheti mkononi.

Mchana nasomea stoo, nimekaa juu ya boksi la glavu. Nyumbani nasomea jikoni, kitabu nimekiegemeza kwenye kopo la chumvi. Ndipo nilipofika ukurasa wa kumi na moja, pameandikwa kwamba moyo wa mtu mzima hupiga mara laki moja kwa siku. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauweka chini. Laki moja, Mwalimu, na hakuna hata mmoja wetu anayeuambia asante. Nikamwita mume wangu, yeye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, nikamsomea. Akafikiri, akasema, "Mashine gani hiyo isiyozimwa ikapoa?" Tukatazamana wote wawili kama watu waliotembelewa na mgeni mkubwa na nyumba haijafagiliwa.

Zoezi linataka tuhesabu mapigo ya mtoto mwenye afya kwa siku saba, mara tatu kila siku: akiwa ametulia, akishakula, akishakimbia. Nimemchukua binti yangu wa miaka sita. Mdogo wake ana mwaka na nusu, hashikiki. Binti yangu tunamwita Refa. Wenzake mtaani wakicheza mpira yeye hachezi, anakaa kwenye tofali na filimbi ya plastiki na kutoa kadi. Kuku wa jirani ana nyekundu mbili. Kumkimbiza kwa ajili ya zoezi ilikuwa kazi ya kubembeleza: kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi. Alikuwa anafika, anakaa chini, ananiambia, "Mama, refa hakimbii. Refa anaangalia."

Mwalimu, sikuwahi kumshika mwanangu mkono kwa ajili ya kuhesabu. Kinyozi hajinyoi. Pale zahanati mapigo yanahesabiwa na mashine, mimi kazi yangu ni vidonda. Siku ya kwanza vidole havikupata kitu. Baadaye nikaupata mshipa, hapo chini ya kidole gumba: pigo, halafu kimya, halafu pigo. Kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, ila yeye yuko ndani na mimi ndiye niko nje. Nilisahau kuhesabu, ikabidi nianze upya.

Jedwali ni hili. Mara nyingi ni arobaini na nane. Akishakimbia, hamsini, hamsini na mbili. Kila mara nimehesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Sijui ndivyo inavyotakiwa au la, maana kitabu cha viwango dereva wa chuo anayetuletea bahasha amesema hakikutosha, nitakipata awamu ijayo.

Mwanafunzi 214


17 Februari

Mwanafunzi 214,

Barua zisizo za lazima zinaongeza uzito wa bahasha. Jibu langu linahusu zoezi.

Nilihesabu mapigo ya watu kwa miaka thelathini na moja kabla sijastaafu. Sasa kila awamu nasahihisha madaftari sitini kwenye meza yangu ya chakula, na katika sitini hayakosi kumi yaliyopikwa. Namba za kupikwa zina tabia moja: hazibadiliki. Mwanafunzi huchagua namba aliyoipenda, akaizungukazunguka siku saba. Wewe umeipenda arobaini na nane.

Mtoto wa miaka sita aliyetulia ana mapigo kati ya sabini na mia moja na kumi. Akikimbia yanapanda. Wa kwako amekimbia hadi bombani na kurudi, na moyo wake haukupata habari.

Hukuhesabu. Ulikaa juu ya boksi lako la glavu ukaandika.

Nimekupa sifuri. Kanuni ya saba inasema zoezi la vitendo likianguka mara mbili katika mwaka wa kwanza, mwanafunzi anatolewa. Ikithibitika amepika, anatolewa siku hiyohiyo. Nimeandika "ameanguka" na si "amepika", kwa sababu mwandiko wako ni wa mtu anayejali. Usinifanye nijute.

Rudia. Kitabu cha viwango kimo humu. Jedwali lako nimebaki nalo kwenye faili.

Msahihishaji wa Nne


3 Machi

Shikamoo Mwalimu.

Nimepokea, na nimeelewa. Kosa ni langu. Vidole havikuwa vimezoea, nadhani nilikuwa napata pigo moja na kuliruka moja.

Nimerudia siku saba. Akiwa ametulia themanini na nane, tisini na moja, themanini na sita. Akishakimbia mia na ishirini na sita, mia na kumi na tisa. Yaliyobaki yamo kwenye jedwali.

Naomba usinitoe. Nimeshawaambia watu wengi kwamba nasoma. Mume wangu ametengeneza rafu ya chuma ya vitabu, ndefu ukuta mzima, na vitabu viko viwili. Dada wa mapokezi ananiita Profesa, wala si kwa kunisifu.

Nimefupisha kwa ajili ya bahasha.

Mwanafunzi 214


17 Machi

Mwanafunzi 214,

Sasa umehesabu. Namba hizi zinapumua. Zinapanda, zinashuka, zinachoka kama mtoto mwenyewe. Kumi na saba kati ya ishirini. Mtu anayekubali kukosolewa anaweza kuwa muuguzi. Asiyekubali aende akauze mbao.

Zoezi la pili ni kusikiliza. Azima stetoskopu. Sikiliza mioyo ya watu watatu wa umri tofauti, ueleze ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe. Maneno ya kitabu usiniletee, kitabu hakina masikio.

Vitabu vya kozi nzima ni kumi na vinne. Mwambie fundi asiipunguze rafu.

Msahihishaji wa Nne


30 Machi

Shikamoo Mwalimu.

Leo sitaogopa uzito wa bahasha, kwa sababu huenda hii ni ya mwisho.

Zile namba ulizozipa kumi na saba nilizipika. Zile ulizozipa sifuri ndizo nilizohesabu.

Ilikuwa hivi. Barua yako ilipofika nilimkalisha Refa nikahesabu tena. Arobaini na nane. Nikabadilisha mkono, arobaini na saba. Nikaazima saa ya mume wangu, nikidhani ya ukutani inakimbia. Arobaini na nane. Nikajihesabu mwenyewe, sabini na nne. Nikamhesabu mume wangu, sitini na sita. Nikasema basi, vidole vyangu vinajua watu wengine, kwa huyu mtoto vinapotea. Hata mara moja, Mwalimu, sikuwaza kwamba kuna kitu kwa mtoto. Niliwaza kiko kwangu. Ningemwamini nani, aliyehesabu miaka thelathini na moja au mimi niliyeanza Jumanne?

Nikafungua kitabu cha viwango nikachota namba humo, kama mtu anayechota maji ya jirani huku anaangalia nyuma. Nikakumbuka ulivyosema za uongo hufanana, nikazitawanya. Umesema zinapumua. Nilizipulizia mimi.

Ningenyamaza. Nakwambia ukweli, nilikwisha kukusudia kunyamaza, na kumi na saba yangu nimeibandika kwenye rafu. Halafu ukaniletea zoezi la kusikiliza.

Tabibu wa zahanati aliniazima stetoskopu kabla hajaenda semina. Nikaanza na mume wangu. Alilala kwenye mkeka akabana pumzi kama mtu anayepigwa picha. Nikamwambia pumua. Nikasikia fundi anagonga chuma, mwenye uhakika na kipimo chake, asiye na haraka na mtu. Nikamwekea yule mdogo: mvua kwenye bati. Haihesabiki. Nikacheka, naye akanipokonya mpira wa stetoskopu akautia mdomoni. Nikabaki nimekaa hapo sakafuni, machozi yananitoka na sina huzuni yoyote. Watu hawa nimewapikia, nimewafulia, huyu mmoja nimemzaa, na muda wote haya yalikuwa yanaendelea humo ndani, nyuma ya kifungo cha shati, na mimi sijui.

Kisha Refa.

Nilisikia kimya. Halafu pigo moja zito, kama mlango wa ghala. Halafu kimya tena, kirefu, mpaka nikajikuta nimebana pumzi nalingoja. Halafu jingine. Niliogopa, na papo hapo niliona ni kitu kizuri, sijui kama muuguzi anaruhusiwa kuona uzuri mahali kama hapo. Nikahesabu kwa masikio, vidole vikiwa mfukoni visije vikanidanganya. Arobaini na nane.

Na kuna jingine. Juzi shuleni, wakiwa foleni ya asubuhi, alikaa chini ghafla. Mwalimu wake anasema macho yalikuwa wazi ila mwenyewe hayupo, kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Kisha akauliza, "Mbona mechi imesimama?" Darasa zima likacheka. Aliponisimulia na mimi nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Maana yule anayekaa kwenye tofali kila siku, nilidhani anapenda filimbi.

Mashine ya zahanati ina kitambaa cha mkono wa mtu mzima, kwake kinazunguka mara mbili na kuandika makosa. Tabibu anarudi baada ya siku nane. Hapa sina mwingine wa kumuuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kifuani kwa mwanangu. Kanuni ya saba naijua. Nitoe. Ila kabla hujanitoa nijibu moja tu: zile namba za kwanza, ni namba za nini?

Mama Refa, namba 214


31 Machi

Mama Refa,

Marahaba. Nilipaswa kuitikia tangu Februari.

Dereva amenikabidhi bahasha saa nne asubuhi. Nimemzuia mlangoni na kumrudisha alikotoka, injini inaunguruma, nakuandikia nikiwa nimesimama.

Usimsubiri tabibu. Usimkimbize mtoto tena, hata hatua kumi. Pandeni na dereva huyuhuyu, leo, wewe na yeye. Nimemwambia awafikishe hospitali kubwa na asiondoke mpaka mmepokelewa. Mdogo abaki na baba yake.

Mapokezi waambie hivi: mapigo arobaini na nane, hayapandi akikimbia, amepotewa na fahamu mara moja. Usiseme "nadhani". Sema "nimehesabu". Wakiuliza wewe ni nani, sema ni muuguzi. Omba kipimo cha umeme wa moyo. Jedwali lako la kwanza nimelitoa kwenye faili, limo humu. Waonyeshe namba. Sifuri yangu waache waione, ni ya kwangu, si ya kwako.

Namba yangu ya simu ipo nyuma ya karatasi hii. Kanuni ya pili inakataza. Piga ukifika.

Mambo ya kanuni ya saba si ya leo.

Wa Nne


14 Aprili

Shikamoo Mwalimu.

Simu nimekupigia mara tano na mara zote tano nimelia, na wewe umesema waziwazi kwamba mtu akilia humsikii anasema nini. Basi naandika. Refa amelala kitanda cha pembeni dirishani, daftari nimeliweka kwenye trei ya dawa.

Pale mapokezi muuguzi aliposikia arobaini na nane alisema, "Mama, hapo umekosea kuhesabu." Nilijua maneno hayo, nilishayapokea kwa bahasha. Nikasema, "Nimehesabu siku saba, mara tatu kwa siku, dakika nzima," nikamtolea jedwali. Akaona sifuri. Akaona ulivyoandika kwa wino mwekundu: Hukuhesabu. Akaniangalia. Nikamwambia, "Dada, soma ya bluu, nyekundu iache." Akamshika mtoto mkono mwenyewe. Niliona midomo yake inahesabu. Nikaona imesimama, inangoja. Kisha akainuka na kwenda haraka, bila kukimbia, kama waendavyo wauguzi wasiotaka kukutisha.

Daktari wa moyo ni mwanamama mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Alinichorea nyumba ya ghorofa. Juu kuna vyumba, na chini kuna vyumba. Juu yupo anayeita, chini wapo wanaoitikia, na katikati unapita waya wa kupeleka wito. Kwa Refa ule waya haufanyi kazi, tangu akiwa tumboni. Juu wanaita mara tisini kwa dakika, wanaita bila kuchoka. Chini hawasikii kitu. Akanionyesha kwenye karatasi ya kipimo: vilima vidogo vya juu vinakimbia zao, vilima vikubwa vya chini vinatembea zao, njia moja na hawasalimiani.

Nikamuuliza, "Sasa kama chini hawajaitwa, nani amewaambia wapige?"

Akasema, "Hakuna. Wameanza wenyewe. Wanakwenda polepole, kwa kadiri wanavyoweza."

Mwalimu, nilimwomba nitoke kidogo. Nikakaa kwenye ngazi, watu wananipita na mabeseni na chupa za chai. Nikapiga hesabu nyuma ya jedwali. Arobaini na nane kwa dakika ni elfu sitini na tisa kwa siku, na ushei. Kwa miaka sita. Hajafika mjumbe hata mmoja, hakuna aliyewaambia endeleeni, hakuna aliyewaambia mnafanya vizuri, nao hawajakosa hata siku moja. Siku ya Refa kuota jino, walikuwepo. Siku nilipomgombeza kwa uvivu, Mwalimu, siku hiyo pia walikuwepo. Sikuwa nalia pale kwenye ngazi. Kitu nilichokuwa nacho sikijui jina. Kama yalikuwa maombi, hayakuwa na maneno, na sikuwa nikiomba chochote.

Niliporudi Refa alikuwa anamhoji daktari. "Kwa hiyo moyo wangu mkaidi?"

"Hapana, mchapakazi. Ila amechoka, anacheza peke yake."

"Nimpe kadi gani?"

Daktari akavua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akamtazama vizuri. "Kadi asipewe. Tumwongezee mchezaji."

Mchezaji ni betri. Ndogo kama kiberiti, inalala chini ya ngozi ya tumbo, na waya wake unakwenda kuwaita wale wa chini. Watamwekea Alhamisi. Baba yake atakuja kesho. Ameuliza waya huo unaunganishwa na nini, risasi ya kulehemu au skrubu, na kama wanahitaji mtu mwenye mkono mtulivu.

Nimesaini karatasi ya ruhusa. Jina linasomeka.

Mama Refa


21 Aprili

Marahaba, mama.

Alhamisi uliponipigia ukasema "wamemtoa, anadai maji," nilikuwa mezani na madaftari. Sikusahihisha kitu tena siku ile. Nilifunga kalamu.

Nilikuomba radhi kwa simu. Naomba na kwa maandishi, kwa kuwa maandishi ndiyo yaliyokuumiza.

Sasa nikueleze nililolifanya. Jumatano nilikwenda mbele ya kamati ya kozi na majedwali yako mawili, nakala ya la kwanza na lile la pili lenyewe. Nikasema: hili ni la kweli, na msahihishaji alilikataa bila kuuliza mtoto ni nani. Hili ni la uongo, na msahihishaji alilisifu. Mwanafunzi amepika mara moja. Mimi sijui nimewafundisha wangapi kupika.

Walikaa muda mrefu. Wawili walitaka utolewe. Kanuni ni kanuni, na sikuwalaumu, kanuni hiyo niliiandika mimi. Mwisho waliamua hivi. Jedwali la pili limefutwa. La kwanza limesahihishwa upya na mtu mwingine, nawe umepata kumi na tisa. Moja imekatwa kwa sababu siku ya tano hukuandika tarehe. Onyo la maandishi litakaa kwenye faili lako hadi utakapohitimu. Unastahili. Langu nalo lipo kwenye faili langu.

Unaendelea na masomo.

Nimeomba nipumzishwe kusahihisha kwa muhula mmoja, na wamekubali. Nina kazi nyingine. Chini ya kitanda changu kuna madaftari ya miaka mitatu ambayo nilikataa kuyatupa, watoto wangu wakinicheka. Nimeyafungua yote. Nimekuta sifuri kumi na moja za aina yako: namba za ajabu, zisizobadilika, na kalamu yangu nyekundu juu yake. Labda kumi ni za uvivu kweli. Labda zote. Nimeanza kuwaandikia wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na nawauliza swali moja tu: yule uliyemhesabu, leo yuko wapi?

Wawili wamejibu. Mmoja amecheka, amesema alimhesabu mbuzi wa mjomba wake kwa kukosa mtoto wa kutulia. Wa pili amesema ni mpwa wake, yuko shuleni, ana miaka tisa, huchoka mapema. Kesho namfuata.

Miaka thelathini na moja nilidhani kazi ni kujua namba inayotakiwa. Umenipeleka shule ukubwani, mwanangu.

Mimi si msahihishaji wako tena. Niite utakavyo.


19 Mei

Shikamoo Mama.

Tumerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Kidonda kimefunga vizuri, nimekifunga mwenyewe, na nakwambia bila kujisifu kwamba hospitali nzima haina mtu wa kukishinda kitambaa changu.

Nimefurahi kusikia kuhusu yule mpwa, kwamba kwake ni damu tu imepungua na inatibika. Wale tisa waliobaki nawaombea. Yule wa mbuzi nampelekea salamu, na mbuzi pia.

Zahanati nimerudi Jumatatu. Siku hizi kabla sijafungua kidonda cha mtu namshika kwanza mkono, dakika nzima. Jana alikuwepo mzee wa mguu, anakuja kila wiki kwa miezi mitano, nakijua kidonda chake kuliko sura yake. Nikamshika. Akauliza, "Binti, mbona leo umeniacha mguu?" Nikamwambia nataka kujua nani ameubeba mpaka hapa. Akaniachia mkono kama anayemwachia mtu mtoto. Sitini na nane. Dada wa mapokezi akachungulia akasema foleni imefika barabarani. Nikamwambia ngoja, mtu anaongea. Akaangalia chumba chote, akamwona mzee amefumba mdomo, akaondoka anatikisa kichwa.

Kuna mambo mengine nayaogopa bado, na wewe ndiye nimezoea kukuambia. Refa anapolala namwangalia kifua. Daktari amesema nisihesabu kila saa, nitamfanya mtoto aogope mwili wake. Nimejaribu. Najitahidi. Kuna siku nashinda na kuna siku nashindwa.

Zoezi la pili nimelimaliza, kwa msahihishaji mpya, wa Saba. Sikuandika kama kitabu. Niliandika fundi, na mvua, na mlango wa ghala. Nikaandika kwamba mlango wa ghala sasa unafunguka mara nyingi zaidi, na kwamba nikisikiliza sana, katikati ya betri na mlango, nasikia bado wale wa zamani, walioanza wenyewe. Inawezekana sisikii, inawezekana nataka tu wawepo. Nimeandika hivyohivyo, kwamba sina uhakika. Akinipa sifuri nitamtumia barua.

Mchana huu tulikuwa tunakula. Refa akauliza betri yake inakaa muda gani. Nikamwambia daktari amesema miaka saba, labda minane, kisha wataibadilisha. Akaweka kijiko chini akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya mdogo wake. "Nitakuwa na kumi na nne."

"Ndiyo."

"Na wewe utakuwa umemaliza kusoma?"

Nikasema kozi ni miaka minne. Baba yake akasema tukizubaa mitano.

"Basi siku hiyo utakuwa mle ndani," akasema, "na wale wenye kofia walioniwekea betri."

Nikamngoja aulize kama nitaweza. Hakuwa anauliza. Alishachukua kijiko chake, anakula.

Mama Refa